Eko ilisema moyo ni mzima: kisa cha ini lililouchosha moyo

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. Ameundwa kutokana na picha ambayo daktari yeyote wa magonjwa ya ndani Kanda ya Ziwa ataitambua, na majibu yake ya vipimo ni ya aina inayokutwa wodini. Maelezo ya mwili, vigezo na dawa ni ya kweli.

Ni mwanamume wa miaka 47, mchuuzi wa kayabo, yaani sangara wa chumvi, katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anafika hospitali ya rufaa akiwa na tumbo lililojaa kwa miezi mitatu, miguu iliyovimba na pumzi inayokatika akibeba hata nusu ya mzigo aliouzoea. Pombe hanywi na hajawahi kunywa. Miaka minne nyuma alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini B na kwamba afike kliniki. Hakufika. Hakuwa anaumwa popote, na biashara ilikuwa imechangamka.

Kuna jambo jingine analolitaja mkewe kama habari njema. Mzee huyu alikuwa mgonjwa wa presha. Ilikuwa ikisoma 150/95 na alikuwa anameza dawa kila siku, kisha mwaka jana ikaanza kushuka yenyewe hadi akaacha dawa. "Presha ilimtoka kabisa, daktari. Tulimshukuru Mungu." Siku ya kulazwa inasoma 98/56.

Kabla ya rufaa alipita kituo kimoja cha afya. Picha ya kifua ilionyesha moyo umetanuka kidogo, basi akaandikiwa furosemidi, dawa ya kukojosha maji, na enalaprili, dawa ya presha na moyo, kama mgonjwa wa moyo kushindwa kazi. Miguu ilinywea kidogo, tumbo halikusogea, na akaanza kizunguzungu kila anapoinuka kitini. Barua ya rufaa ina swali moja tu: ni moyo au ni ini?

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lililomchelewesha, kwa sababu linadai jibu moja.

Tuanze na mwili wenyewe. Mikono ina joto, viganja ni vyekundu, mapigo 102 kwa dakika na yanagonga kidole kwa nguvu. Kifuani kuna vijishipa vyekundu vyenye umbo la buibui, matiti yamevimba kidogo, misuli ya mabega imekwisha. Bandama linashikika. Anapolazwa kwa pembe ya nyuzi 45, mishipa ya shingo haionekani kusimama. Hili la shingo ningependa kila mwanafunzi alikariri. Moyo ukishindwa kiasi cha kujaza tumbo maji, damu hurudi nyuma na shingo husimama mishipa. Tumbo limejaa na shingo imetulia? Anza kulitazama ini.

Maji ya tumbo yakachotwa siku hiyohiyo. Albumini ya damu, protini inayotengenezwa na ini, ni gramu 24 kwa lita, ya maji ni 7, tofauti 17. Tofauti ikifika 11 au zaidi, chanzo ni shinikizo kubwa katika mshipa wa porta, ule unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini. Ila kipimo hicho peke yake hakitenganishi ini na moyo, maana moyo unaoshindwa nao hupandisha shinikizo hilo. Kinachotenganisha ni protini ya maji yenyewe. Moyo ukiwa ndio chanzo, protini kwa kawaida huwa juu ya gramu 25 kwa lita. Kwake ni 12. Neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, ni 90, chini ya 250 inayoashiria maambukizi.

Kwetu kuna sababu ya kusisitiza protini hiyo. Kifua kikuu cha utando wa moyo hakijatuacha, na utando ukigeuka gamba gumu hujaza tumbo maji kuliko miguu, ini likavimba, na mgonjwa akatibiwa ini miaka mizima kumbe ufumbuzi ulikuwa chumba cha upasuaji. Mzee huyu hana shingo iliyosimama, protini yake iko chini, na eko, yaani altrasaundi ya moyo, haikuona utando mnene. Mlango huo ukafungwa.

Wa pili ulikuwa kichocho cha tumbo. Mtu wa ziwani mwenye bandama kubwa lazima aulizwe habari za kichocho, kwa kuwa mayai yake hukwama kwenye vijitawi vya mshipa wa porta na kuvizungushia makovu. Lakini kichocho huliacha ini likifanya kazi zake kwa muda mrefu: albumini hubaki nzuri na damu huganda vizuri. Hapa altrasaundi inaonyesha ini dogo lenye vinundu, bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini hupaswa kuiondoa, ni maikromoli 52 kwa lita, INR, kipimo cha damu kuchelewa kuganda, ni 1.7, sodiamu 129, kriatinini, kipimo cha kazi ya figo, 118, chembe sahani elfu 78. Virusi vya homa ya ini B vipo, C na VVU havipo. Hii ni sirosisi, ini lililojaa makovu, na kwa hesabu ya Child-Pugh, inayopima ukali wa sirosisi, ana pointi 12, daraja C, lile baya zaidi.

Sasa turudi kwenye ile presha iliyomtoka.

Makovu yanapolibana ini, damu ya matumbo haipiti kwa urahisi. Shinikizo la porta linapanda, na kuta za mishipa ya matumbo hujibu kwa kumwaga kemikali za kutanua mishipa, maarufu kati yake ikiwa nitriki oksidi. Mishipa hiyo inalegea, damu nyingi inatuama tumboni, na ile inayofika kwenye ateri kubwa inakuwa pungufu kwa mahitaji. Figo na vihisi vya shinikizo shingoni havijui kwamba tumbo limejaa. Vinachoona ni upungufu, basi homoni za kubana mishipa na kushika chumvi zinamwagwa bila kukoma: renini, aldosteroni, noradrenalini. Chumvi inabaki, maji yanaifuata, tumbo linajaa. Moyo nao unaamriwa ukimbie. Ndiyo maana viganja vina joto na mapigo yanagonga.

Hali hii ilielezwa zamani. Mwaka 1953 Kowalski na Abelmann, wakipima wagonjwa wa sirosisi Marekani, walikuta moyo unasukuma damu nyingi kuliko kawaida hata mgonjwa akiwa amepumzika. Kwa miaka mingi baadaye moyo wa mgonjwa wa ini ulihesabiwa kuwa na nguvu za ziada, na ukionekana dhaifu, lawama zilikwenda kwa pombe. Baadaye ndipo ikakubalika kwamba sirosisi yenyewe, hata ya homa ya ini kwa mtu asiyeonja pombe, huudhoofisha moyo.

Kwa hiyo presha ya mzee huyu haikupona. Kushuka kwake ilikuwa dalili ya kwanza ya sirosisi, pengine miezi mingi kabla ya tumbo kujaa. Mgonjwa wa presha ambaye ghafla hahitaji dawa, hajapungua uzito kwa juhudi wala hajabadili chochote, anastahili kupimwa ini. Na enalaprili aliyopewa ilimwondolea angiotensini, mojawapo ya vitu vichache vilivyokuwa bado vinaishikilia presha yake na kazi ya figo zake. Kriatinini ya 118 kwa mtu mwenye misuli kamili si ya kutisha sana. Kwa mtu aliyekonda mabega hivi ni figo zinazolalamika. Dawa hiyo ikasimamishwa siku ya kwanza.

Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha muda wa QT, ule ambao umeme wa moyo huchukua kuanza pigo hadi kutulia, baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo, ni milisekunde 480. Ukirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika kwa hatari. Kwa mwanamume tunataka usizidi 450. Potasiamu ilikuwa 3.3 kwa sababu ya furosemidi, inayoipoteza kwenye mkojo, bila mwenzake spironolaktoni anayeibakiza. Ikarekebishwa, QT ikashuka hadi 468 tu. Karibu nusu ya wagonjwa wa sirosisi wana QT ndefu, na wengi hawajui kwa sababu hakuna aliyewapima moyo wakiwa wamelazwa kwa ajili ya tumbo.

Kisha eko. Ripoti ilirudi na mstari mmoja mkubwa: EF asilimia 66, moyo wa kawaida. Wodini watu wakashusha pumzi, na katika faili pakaandikwa "moyo hauna tatizo".

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. EF ni sehemu ya damu inayotoka kwenye chemba ya chini ya kushoto kila pigo, na inategemea sana upinzani ambao moyo unakutana nao. Anayesukuma mkokoteni mteremkoni hajaonyesha ana nguvu kiasi gani. Moyo wa mgonjwa wa sirosisi unasukuma damu kwenye mishipa iliyolegea. EF ya 66 kwake haisemi mengi, na wakati mwingine EF ya 55 ingepaswa kututia wasiwasi. Udhaifu hujificha hadi siku moyo utakapodaiwa zaidi.

Ndani ya ripoti hiyohiyo, mistari ya chini ambayo haikusomwa, namba zilikuwepo. Kasi ya ukuta wa kati wa moyo unapolegea kupokea damu, iitwayo e', ilikuwa sentimita 6 kwa sekunde. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2020 na jopo la kimataifa vinataka isiwe chini ya 7. Uwiano wa E, kasi ya damu inayoingia kwenye chemba ya chini, kwa e', unaokisia shinikizo la kujaza moyo, ulikuwa 16, na mpaka ni 15. Chemba ya juu ya kushoto ilikuwa na ujazo wa mililita 41 kwa mita ya mraba ya mwili. Ikizidi 34 ni kubwa. Kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya kulia ilikuwa mita 2.6 kwa sekunde, chini ya 2.8, hivyo hiyo ilipita salama, na pia ilipunguza hofu ya presha ya mapafu inayoweza kuletwa na ini au kichocho. Vigezo vitatu kati ya vinne vimetimia. Huu ni moyo unaosukuma vizuri na kupokea vibaya: mgumu, usiolegea kwa wakati. Hospitali zenye mashine mpya hupima pia mnyumbuko wa misuli ya moyo, ambao hufichua udhaifu wa kusukuma kabla EF haijashuka. Hapa haukupimwa.

Siku ya tatu tumbo lilikuwa limekaza kiasi cha kumnyima usingizi, likatobolewa na lita 7 zikatolewa. Kanuni ni albumini gramu 8 kwa kila lita inapotolewa zaidi ya lita 5, maana bila hiyo mishipa hulegea zaidi na figo huumia. Zikanunuliwa chupa tatu za mililita 100 zenye nguvu ya asilimia 20, jumla gramu 60, na familia ililazimika kuchangishana. Zote zikaingia ndani ya saa mbili, kwa sababu zamu ilikuwa inabadilika.

Saa nne usiku presha ikasoma 88/50. Zamu ya usiku ikaona mtu aliyetolewa maji mengi na presha iko chini, basi akawekewa lita moja ya maji ya chumvi. Saa nane usiku alikuwa ameketi kitandani akihema, mapafu yanakorota hadi katikati, oksijeni ya damu asilimia 84.

Tufanye hesabu. Gramu moja ya albumini huvuta takriban mililita 18 za maji kuingia kwenye mishipa, hivyo gramu 60 zilikuwa zimevuta karibu lita moja. Juu yake ikaja sehemu ya ile lita ya maji ya chumvi. Moyo mlaini ungepokea ongezeko hilo bila shida. Huu mgumu haukuwa na nafasi, shinikizo likarudi nyuma kwenye mapafu. Isitoshe, lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, kwa mtu aliyeambiwa asizidishe gramu 5 kwa siku.

Akaketishwa wima, akapewa oksijeni, dripu ikang'olewa, furosemidi ikaingia kwenye mshipa. Kulipokucha alikuwa anaongea sentensi nzima. Kriatinini ilipanda hadi 141, ikashuka taratibu ndani ya wiki.

Wapo waliohitimisha kwamba albumini ndiyo mkosaji. Sikubaliani. Baada ya kutoa lita 7 ilistahili, kosa lilikuwa mwendo wake na lile la kuongeza chumvi juu yake. Lakini ni kweli albumini si dawa ya kumwagiwa kila mwenye namba ndogo: jaribio la ATTIRE la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2021, liliwapa wagonjwa waliolazwa albumini kila siku ili kuipandisha ndani ya damu, halikuona faida, na waliopewa walipata maji ya mapafu zaidi. Mwaka huohuo jaribio la CONFIRM kuhusu terlipresini, dawa ya figo zinazofeli kwa sababu ya ini, lilionyesha figo zinapona zaidi huku wengine wakishindwa kupumua. Majaribio yote mawili hayakuwa kuhusu moyo. Mimi nayasoma kama habari za moyo pia.

Figo nazo zimo humuhumu. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania, wakifuatilia wagonjwa wenye maji tumboni, walionyesha kwamba waliokuja kupoteza figo ni wale ambao moyo wao ulikuwa umeanza kusukuma damu kidogo kuliko wenzao. Mishipa ikilegea, moyo unapaswa kufidia. Ukishindwa, figo ndizo zinazolipa. Ule mgawanyo wa "huyu ni wa ini, huyu wa figo, huyu wa moyo" unafaa kwa majina ya kliniki tu.

Kwa nini moyo wenyewe unadhoofika? Kwanza, miaka ya kumwagiwa noradrenalini huzichosha seli zake: vipokezi vya beta, ambavyo hupokea mwito wa homoni hiyo, hupungua, na vilivyobaki huitikia kivivu. Mtu wa kawaida akipanda ngazi, homoni hizo huongeza kasi na nguvu ya pigo; mzee wetu akibeba gunia la kayabo, mwito unafika na seli haziitiki. Pili, ini mbovu hubadilisha mafuta ya kuta za seli, zikawa ngumu, na milango ya potasiamu na kalsiamu iliyojengwa humo ikafanya kazi vibaya. QT ndefu inatokana kwa sehemu na hilo. Tatu, sumu za bakteria zinavuka utumbo, hazichujwi na ini, zinaamsha uvimbe unaozalisha nitriki oksidi na kemikali nyingine za kuudumaza msuli. Tindikali za nyongo zinachangia pia.

Dawa mahususi ya moyo wa namna hii haipo. Kilichobaki ni kuchagua kwa uangalifu.

Tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini B, ilianzishwa, miligramu 300 kwa siku, ikiwa ndiyo tiba ya mzizi. Furosemidi miligramu 40 iliunganishwa na spironolaktoni miligramu 100, uwiano unaolinda potasiamu. Endoskopi ilikuta mishipa mikubwa iliyovimba kwenye umio. Kwa kawaida ningefikiria propranololi au karvediloli, ambazo hushusha shinikizo la porta na hata kufupisha QT. Lakini presha ilikuwa inacheza kati ya 88 na 94, na chini ya 90 dawa hizi husimamishwa, maana moyo usio na akiba huhitaji kasi yake. Mishipa ikafungwa kwa mipira, propranololi ikangoja.

Swali gumu lilikuwa antibiotiki. Maji yenye protini chini ya gramu 15 kwa lita huambukizwa kirahisi, na kwa mgonjwa wa daraja C mwenye sodiamu ya chini kinga huwa na hoja. Siprofloksasini ndiyo inayozoeleka, ila hurefusha QT. Kotrimoksazoli ni mbadala, ila hupandisha potasiamu kwa mtu aliye tayari kwenye spironolaktoni. Ikachaguliwa kotrimoksazoli, potasiamu ikipimwa kila wiki mwanzoni. Daktari mwingine angechagua siprofloksasini na kupima umeme wa moyo mara kwa mara, na nisingembishia. Nisichokubali ni kuandika yoyote kati ya hizo bila kuitazama QT kwanza. Ndivyo ilivyo kwa azithromaisini, flukonazoli, haloperidoli na ondansetroni, dawa zinazotolewa kwa urahisi mno. Malaria iliyothibitishwa itibiwe bila kusita, lakini dawa mseto na kwinini nazo zinagusa QT, hivyo zisipangwe pamoja na hizo nyingine. Kwenye cheti cha mzee huyu pakaandikwa kwa herufi kubwa: asipewe diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuziumiza figo zake.

Chumvi ilikuwa na vita vyake. Mkewe aliposikia gramu 5 alicheka kidogo. "Sasa daktari, mboga yetu si ndiyo hiyohiyo tunayouza?" Kayabo ni sangara aliyezikwa kwenye chumvi kisha akaanikwa, hata ukimloweka usiku kucha humalizi chumvi yake. Yule mama alikubali sato mbichi na maharage, akakataa katakata ugali wa mgonjwa kupikwa kando na wa wengine. Haukuhitaji kupikwa kando, ugali hauna chumvi.

Tumbo lilipojaa tena baada ya wiki tano, zilitolewa lita 4 badala ya 7, albumini ikaenda polepole kwa saa sita, na maagizo ya usiku yalisema wazi: presha ya 88 ndiyo yake, asiongezewe maji ya chumvi kabla daktari hajasikiliza mapafu. Usiku ule ulipita kimya.

Baada ya miezi sita tenofoviri ilikuwa imeonyesha kazi. Albumini 29, bilirubini 31, presha 104/62, tumbo halijatobolewa tangu mwezi wa tatu. Propranololi imeanza, miligramu 20 mara mbili kwa siku. Eko ya marudio: kasi ya ukuta bado 6, chemba ya juu 39, uwiano umeshuka hadi 14. Kwa karatasi zimebaki namba mbili kati ya nne, yaani eneo la mashaka, na mtaalamu aliyeisoma aliandika kwamba moyo umepata nafuu. Mimi ningeandika kwamba shinikizo la kujaza limeshuka kwa sababu maji yamepungua. Ugumu wenyewe uko palepale.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu familia imeanza kuulizia kupandikizwa ini India, waendako wengi kutoka kwetu. Kwa wagonjwa wengi moyo hupona taratibu baada ya kupata ini jipya, katika kipindi cha miezi sita hadi mwaka. Ila saa ya upasuaji yenyewe, ini jipya linapofunguliwa damu, wimbi kubwa hurudi kwenye moyo kwa ghafla, na siku zinazofuata mishipa iliyokuwa imelegea inakaza, upinzani unapanda. Moyo uliozoea mteremko unakutana na mlima. Barua ya kwenda huko isiishie kwenye EF. Iwe na e', uwiano, ujazo wa chemba ya juu na QT, pamoja na maelezo ya usiku ule wa lita 7, na ombi la eko ya mazoezi pamoja na mnyumbuko wa misuli kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.